Mtani Kwenye Kiti cha Mbele

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Gakii ametoka kuoga, taulo kichwani, kandambili miguuni, amesimama nyuma ya kampa, lile gari lao la kulala safarini, kama mtu aliyepigiliwa misumari. Tusimsimamishe mtoto wa watu hapo wiki nyingine nzima. Twende naye.

Kiti cha mbele cha kampa, kile cha abiria, alichokikalia yeye tangu walipoondoka kwao Parramatta, kilikuwa na mwanamke. Miguu iko juu ya dashibodi. Jaketi la Erasmus liko mabegani. Na kinywa chake ndicho kilichotoa yale maneno yaliyomgandisha Gakii:

"Mume wangu, chai yangu iko wapi?"

Na Erasmus, mume wa Gakii wa ndoa ya kanisani, dereva wa malori ya makontena kule bandari ya Port Botany, Sydney, mwanamume asiyejua hata soksi zake zinakaa wapi, alikuwa anamimina chai. Tena anacheka.

Kama magazeti yaliyopita yalikupita, jua hili moja tu. Gakii, nesi wa hospitali ya Westmead, Mmeru wa Kenya, alikuwa amekula kiapo. Miezi michache nyuma alimfuata mumewe mpaka getini kazini, akamvaa mwanamke mmoja mbele ya madereva wote, kumbe yule ni msimamizi wa zamu. Erasmus akafungasha nguo akahamia kwa rafiki yake Mutua. Wazee wa kanisa wakaingilia kati, wakapatanisha: Erasmus arudi nyumbani, wakodi hilo gari lenye kitanda na jiko, wazunguke hifadhi za Sydney wao wawili tu, wajifunze upya kukaa pamoja. Na Gakii asimshuku tena bila haki.

"Mara moja nyingine tu," Erasmus alisema mbele ya wazee, "na mimi sirudi tena."

Ndiyo maana kule Lane Cove, kambi yao ya kwanza, alipoliona lile gari dogo jeupe limeegeshwa jirani yao, Gakii alinyamaza. Walipohamia hifadhi ya Cattai akaliona tena, akanyamaza, akajikaza kisabuni. Sasa wako Bonnie Vale, kambi iliyo ufukweni, na mwenye gari jeupe ameshaingia mpaka kwenye kampa lao.

Kiapo ni kiapo, lakini na wivu nao ni wivu. Gakii akafungua mlango.

"Toka," akasema.

Yule mwanamke akashusha mguu mmoja. Wa pili akauacha palepale. Alikuwa mwembamba, mweupe wa kiasi, nywele amesuka vizuri, na uso wake haukuwa na wasiwasi wowote.

"Karibu, dada. Maji yalikuwa ya moto?"

"Nimesema utoke kwa kiti yangu."

"Erasmus," mwanamke akasema, bila kumtazama Gakii, "ndiye huyu?"

Hilo ndilo lililoharibu. Gakii aliushika ule mguu uliobaki kwenye dashibodi, akauvuta kwa nguvu zile zile anazotumia kumgeuza mgonjwa mzito wodini. Mwanamke akateleza, akatoka na lile jaketi, akaketi chini kwenye majani kwa kishindo. Kikombe cha chai kikamfuata.

"Kuna shida hapa?" Askari wa hifadhi, mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana, alikuwa amesimama karibu na bomba la maji. Familia mbili za Wazungu zilikuwa zimeacha kula.

"Hakuna shida," Gakii akajibu kwa Kiingereza chake cha kazini. "Tunacheza tu."

"Chezeni polepole," askari akasema, akabaki anatazama.

Erasmus akashuka mbio. Gakii akadhani anakuja kwake. Hakuja kwake. Alimwinua kwanza yule mwanamke, akamkung'uta majani mgongoni, ndipo akageuka.

"Mke wangu, umefanya nini? Huyu ni Namkunda. Ni mtani wangu."

"Mtani ni nini?"

"Hujui mtani?"

"Erasmus, mimi ni wa Meru. Niambie kama mtu wa Meru."

Erasmus akavuta pumzi. "Mimi Mchaga, si ndiyo? Huyu Mpare. Kwetu Kilimanjaro, Mchaga na Mpare wanataniana tangu enzi za mababu. Anaweza kuniita mume, mwizi, maiti, chochote. Tukifiwa, anaweza kuja msibani akakamata kuku wa matanga, akakataa kumwachia mpaka tumkomboe. Na hakuna kukasirika. Ukikasirika na mtani, wewe ndiye mwenye kosa."

"Hata jaketi anachukua?"

"Hata jaketi. Anasoma chuo pale Parramatta. Nimemkuta hapa kwa bahati tu, nikamkaribisha chai."

Kwa bahati tu. Na Lane Cove je? Na Cattai? Maswali yote mawili yalifika kwenye ulimi wa Gakii, yakasimama. Akiyauliza, itajulikana kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa anahesabu magari ya watu badala ya kutazama miti na ndege. Erasmus alikuwa anamtazama sana.

"Au umenishuku?" akauliza, taratibu kabisa.

Lile taratibu ndilo lililomtisha. Aliiona nyumba yao ya Parramatta, upande mmoja wa kabati ukiwa mtupu kama ulivyokuwa siku zile za kwa Mutua. Alimpenda mume huyu jamani, hilo lisitiliwe shaka. Alimpenda mpaka ikawa ugonjwa.

"Hapana," akasema. "Nimeshtuka tu."

"Basi sema pole."

"Pole, Namkunda."

"Tumeshapoa, dada," Namkunda akajibu. Jaketi hakulivua.

Gakii akasingizia kwenda kuanika taulo. Alipofika nyuma ya mabafu, akampigia Kokushubila, Mhaya wa Bukoba, nesi mwenzake wa Westmead. Huyo ndiye Mtanzania pekee ambaye Gakii aliweza kumwuliza bila kuogopa kuchekwa. Hilo la kuchekwa alikosea.

"Umemfanya nini?" Koku akauliza.

"Nimemvuta na mguu."

Koku alicheka mpaka mtu mwingine wodini akamwuliza kuna nini. "Shoga yangu, umejiponza. Mpare kwa kesi? Watani wao wanasema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kukushtaki kwa kuku. Wewe umemvuta mguu, jiandae."

"Kwa hivyo ni kweli? Hiyo maneno ya mtani iko?"

"Iko sana. Mchaga na Mpare ni watani wa kufa na kuzikana. Kuitana mke na mume ni kitu cha kawaida. Huko kwenu Kenya hamna?"

"Kwetu ukiita bwana ya mtu bwana yako, unajua umeenda hospitali."

"Basi rudi kampikie mgeni, na huo wivu uuache huko huko chooni."

Gakii akaona haya mpaka masikio yakamwasha. Alikuwa amebakiza kidogo tu avunje ndoa yake kwa sababu ya mzaha wa watu wa milimani. Akarudi na uso mpya. Akawasha jiko la kampa, akakaanga kuku, akapika wali, akakata kachumbari, akatandika meza ya kukunja chini ya turubai. Erasmus akapita nyuma yake, akamwekea mkono begani. Tangu Lane Cove hakuwa amemgusa mchana.

"Ahsante, mke wangu," akasema. "Hivi ndivyo ninavyokutaka."

Ungemwona Gakii wakati huo ungesema kapewa dunia.

Wakaketi watu watatu. Namkunda akaweka ufunguo wa gari lake mezani, kando ya sahani. Erasmus akavuta sahani yake. Na kabla hajashika kijiko, mkono wa Namkunda ukavuka meza, ukaanza kuokota dania kwenye kachumbari yake, jani moja baada ya jingine, ukaweka pembeni. Haukuuliza. Erasmus naye hakushangaa. Alisubiri uokotaji uishe, akala.

Gakii alikaa na mume huyu karibu mwaka mzima ndipo akajua kwamba dania humchefua, na leo kwa haraka ya mgeni alikuwa ameisahau.

Akaweka kijiko chini, akanywa maji. Akajiambia, huo nao ni utani, Gakii, tulia. Labda Wapare wote duniani wameambiwa kwamba Wachaga hawali dania. Moyo unaotaka kuamini hauna kazi ngumu.

Akaamua kujaribu na yeye. Si ameolewa kwenye utani? "Namkunda," akasema, "nasikia nyinyi Wapare mkichinja mnafunga mlango mpaka nyama iishe. Leo umekula yetu mlango ukiwa wazi, hujaogopa?"

Erasmus akatazama sahani. Namkunda akatabasamu kwa meno tu.

"Chakula kizuri, dada. Ahsante."

Basi. Akaishia hapo.

Gakii akainuka kwenda kuleta chumvi ambayo hakuna aliyeiomba. Alipoingia ndani ya kampa, sauti zao nje zikaanza, za chini, za haraka, kama za watu wanaogombania blanketi moja. Alipokanyaga ngazi kutoka, zikakatika. Akarudi ndani kutafuta kijiko. Zikaanza. Akatoka. Zikakatika. Ndege mmoja mnene wa kule akashuka kwenye meza ya jirani, akanyakua soseji, watoto wakapiga kelele, na hawa wawili wakajifanya wanamtazama ndege.

Wakati huo simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Koku.

"Niko mapumziko. Nipe habari ya mtani. Ameshakudai nini kwa mguu wake?"

Gakii akasogea mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo. "Hajadai kitu."

"Hajakudai? Mpare? Basi amekutukana vipi?"

"Hajanitukana. Ananiita dada. Anasema ahsante."

"Anakuita dada. Gakii, mke wa mtani ndiye anayeanza kutaniwa. Wewe ungekuwa umeshaambiwa unanuka, hujui kupika, na Erasmus alikuokota bandarini. Ungekuwa unalia kwa kucheka."

"Nimemtania mimi, hakujibu."

"Na wao wawili? Wanataniana mbele yako?"

"Nikifika wananyamaza."

Gakii akasikia mashine za wodini zikilia kwa mbali.

"Sikiliza, shoga yangu," Koku akasema, na kicheko kilikuwa kimemtoka. "Utani unafanywa mbele za watu. Ndiyo raha yake, watu wacheke. Mpare akimwita Mchaga mume huko garini wakiwa peke yao, anamwita ili acheke nani?"

Gakii akaegemea mti. Pafukapo moshi pana moto, na yeye alikuwa ameuona moshi tangu Lane Cove, akaambiwa ni ukungu, akakubali. Wivu ukampanda tena, lakini huu haukuwa ule wa kuvuta watu miguu. Ulikuwa wa baridi.

"Siwezi kumwuliza, Koku. Nikimwuliza nimemshuku. Nikimshuku anaenda. Hiyo ndiyo tuliandikiana na wazee."

"Nani amesema umshuku? Mtanie."

"Nini?"

"Wewe ni mke wa Mchaga. Haki ya utani ni yako kama ilivyo yake. Chukua kitu chake hadharani, umwambie akikomboe. Mtani wa kweli atacheka, atakutukana mpaka mama yako, na mimi nitakuomba radhi. Asipocheka, wewe hutakuwa umemshuku mtu yeyote. Utakuwa umetania tu."

Msomaji, kuna wanawake wamesomea mambo makubwa hapa Sydney, lakini Koku wa Bukoba mwacheni.

Gakii akarudi mezani anatembea polepole. Walinyamaza kama kawaida yao. Hakuketi. Alinyoosha mkono, akauchukua ule ufunguo wa gari kando ya sahani ya Namkunda, akaunyanyua juu ili hata wale jirani wenye soseji wauone.

"Namkunda wa Upare," akasema kwa sauti kubwa ya furaha, "nimekamata gari."

Namkunda akaweka kijiko chini. "Dada, naomba ufunguo wangu."

"Kwani mtani huwa anaomba? Mtani anakomboa. Si ndiyo, Erasmus?"

Erasmus alikuwa amesimama. "Gakii, rudisha huo ufunguo."

"Ngoja kwanza nitaje bei. Namkunda, naona mume wangu umempenda. Umevaa jaketi lake, umekunywa chai yake, na dania umemtolea. Mchukue. Mchukue na soksi zake zote, na kukoroma kwake, na mimi nibaki na hili gari lako jeupe. Mali kwa mali. Unasemaje?"

Mama wa jirani, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kiswahili, alicheka kwa jinsi Gakii alivyolisema. Yeye peke yake.

Gakii akangoja. Alingoja kwa moyo wake wote. Alimwomba Mungu wa Meru na wa Kilimanjaro na wa Upare kwamba huyu mwanamke afungue kinywa amtukane, amwambie ana miguu ya bata, amwambie hata mumewe mwenyewe hafikii bei ya gari bovu. Angemkumbatia. Angempikia kuku mwingine.

Namkunda hakucheka. Macho yake yalijaa maji, akageuka kwa Erasmus.

"Umeshamwambia?" akauliza.

Erasmus akapangusa uso kwa kiganja. "Bado."

"Uliniambia utamwambia Lane Cove. Ukaniambia Cattai. Nimekufuata kambi tatu."

"Nilitaka tumalize safari kwanza."

Kwa hiyo haikuwa bahati. Safari hii Gakii aliitandikia mashuka mapya. Aliiombea likizo ya kugombania na manesi wenzake. Alidhani ni safari ya kuanza upya, kumbe mwenziwe alikuwa anamzungusha hifadhi baada ya hifadhi anatafuta mahali pa kumtua.

"Kuniambia nini?" akauliza.

Erasmus akakimbilia pale alipozoea kukimbilia. "Umeona? Umeanza tena. Umenishuku, Gakii, mbele ya watu, kama kule getini. Nilisema mbele ya wazee..."

"Mimi sijashuku mtu," Gakii akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu hata yeye mwenyewe akashangaa. "Nimetania. Na ukikasirika na utani, wewe ndiye mwenye kosa. Si wewe umenifundisha leo asubuhi?"

Erasmus akageuka kuwatazama majirani.

Askari wa hifadhi alikuwa amerudi, yuko palepale penye bomba, mikono kiunoni. Gakii akampungia mkono kumwonyesha kwamba bado wanacheza. Kisha akaufumba ufunguo kiganjani, akavuta kiti chake, akakiweka katikati yao, akaketi.

"Bei imebadilika," akamwambia Namkunda. "Erasmus simuuzi tena. Anayetaka gari lake atalikomboa kwa maneno. Nataka kusikia ile ambayo huyu ameshindwa kusema kambi tatu."

"Namkunda, usithubutu," Erasmus akasema.

"Wewe kaa," Namkunda akamwambia, na Erasmus akakaa. Aliketi upesi sana, kwa namna ambayo Gakii, katika maisha yao yote pamoja, hakuwahi kumwona akimtii mwanamke. Wivu ulimchoma hapo kuliko penye jaketi na dania vyote.

Namkunda akalivua lile jaketi, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani mwa Gakii kama mtu anayerudisha cha watu. Akapangusa macho. Alipoanza kusema hakuwa tena na dharau usoni, na hilo ndilo lililomwogopesha Gakii.

"Nisamehe, dada. Mimi ni Mpare kweli, na huyu ni mtani wangu kweli, hapo hakukudanganya. Ila tulifunga ndoa kanisani kule Same, mimi na yeye, kabla hajaja huku," akasema. "Na mpaka leo hakuna aliyeivunja."